DNA ya Bi Somoe Ilivyonifumukia Mbele ya Afisa Elimu

Jamani, leo uso wangu nimeuacha shuleni. Anayepita huko aniokotee.

Mnajua nafundisha baiolojia hapa Mtwara. Mnajua pia kiti cha mkuu wa idara ya sayansi kiko wazi, na kwamba nakitaka (nilishaanza hata kutembea kama mkuu wa idara). Leo ilikuwa siku ya wazazi, na Afisa Elimu alikuwa anakuja kuangalia vipindi. Mkuu wa shule aliniambia waziwazi: "Mfurahishe huyu, kiti chako."

Basi nikaamua kufundisha DNA kwa zana ya kujitengenezea. Nikajaribu kwa waya. Kikatoka kitu kama mtego wa panya uliokanyagwa. Bi Somoe, mwenye nyumba ninayopanga Magomeni ya hapahapa Mtwara, alikuwa barazani anasuka mkeka wake, ananitazama tu. Mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Mwalimu, hebu nione hiyo picha."

Nikampa kitabu. Nikamweleza: kamba mbili zinazozungukana, katikati vipandio kama vya ngazi, kila kipandio kina nusu mbili. A anakaa na T, G anakaa na C, hakuna kubadilishana.

"Kumbe wameshaposana," akasema, akaweka mkeka pembeni.

Alhamisi alasiri ikawa tayari. Kamba za makumbi ya nazi, vipandio vya chelewa, vile vijiti vya makuti, vilivyozungushiwa ukindu wa rangi: nyekundu na kijani, njano na zambarau. Imejisokota vizuri mpaka nikataka kulia. Nikasema ahsante Bibi, nikaibeba. Halafu nikaibandika karatasi: IMEBUNIWA NA KUTENGENEZWA NA MWALIMU, na jina langu kamili. (Msimsingizie shetani. Nilijituma mwenyewe.)

Leo darasani wazazi wamejaa nyuma, Afisa yuko mbele na miwani yake puani. Nilifundisha, jamani! Nikafika kwenye habari ya ugunduzi, mori ukanipanda. Nikawaambia kulikuwa na mama mwanasayansi aliyepata picha ya DNA kwa mionzi. Mwenzake akamwonyesha mwanamume mmoja ile picha bila mama huyo kujua. Picha ikawasaidia bwana yule na rafiki yake kujenga modeli yao, sifa zikawa zao. Tuzo kubwa inakuja, mama wa watu yuko kaburini.

Nikapiga meza. "Kutumia jasho la mwenzako bila kumtaja kunaitwaje?"

"Wizi!" darasa zima.

Pale mbele Mwanahawa, mjukuu wa Bi Somoe, alikuwa amejiziba mdomo kwa daftari. Nikadhani somo limemgusa.

Afisa akaisoma ile karatasi. "Mwalimu, hii umeitengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono hii miwili." (Na nikainyanyua. Wote waione.)

"Safi sana. Hebu tuonyeshe inavyojigawa."

Hapo sikuwa nimepafanyia mazoezi. Nikashika katikati, nikavuta kidogo tu ifunguke kama zipu. Kumbe zile nusu zote zimeshonwa kwa uzi mmoja, kama anavyoshona mikeka yake. Prrrrr! DNA nzima sakafuni.

"Haina shida," Afisa akasema. "Irudishe."

Nikapiga magoti. Nikafunga nyekundu na njano. "Mwalimu, hao hawaoani!" darasa likapiga kelele. Nikafumua. Nikaanza kusokota, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi, kamba hazinisikii. Mara sauti ikatoka nyuma kwa wazazi.

"Mwanangu, unasokota kinyume. Ya kitabuni inapanda kulia."

Bi Somoe! (Bibi wa mwanafunzi naye ni mzazi. Hilo sikulifikiria.) Akaja taratibu, akaketi sakafuni, akabana kamba kwa kidole gumba cha mguu, mikono ikaanza kazi. Haikuchukua muda, DNA ikarudi kama ilivyokuwa.

"Mama, wewe umejuaje?" Afisa akauliza.

"Si nimeitengeneza mimi Alhamisi, baba? Mniwie radhi, uzi wenyewe ulikuwa mbovu."

Yaani anaomba radhi yeye! Nilitamani sakafu ipasuke. Mwanahawa akanyoosha kidole. Nikajifanya simwoni. Afisa akamwona, akamruhusu aulize.

"Mwalimu, sasa hapa wale wanaume wawili ni nani?"

Wazazi walicheka mpaka mama mmoja akatoka nje. Afisa akabandua karatasi yangu, akaikunja vizuri, akanikabidhi. Habari za kiti msiniulize.

Nyumbani nikapitia mlango wa uani, nanyata kama kuku mgeni. Nikamkuta Bi Somoe hapohapo uani, anachambua ukindu.

"Mwalimu, yule mama wa picha, walimwomba radhi?"

"Sidhani, Bibi. Na alishafariki."

Akaendelea kuchambua. "Mimi nipo."

Nimeomba radhi, jamani. Nimepiga magoti mara mbili siku moja. Sasa nimekalishwa mkekani nasokota kamba, kwenda kulia, na chakula ni mpaka ifike dhiraa tatu. Hapa naandika kwa mkono mmoja.

Na atakayecheka, namtaja jina. Kuanzia leo nataja kila mtu.