Ufunguzi wa Makumbusho ya Marubani wa Barua, Wirrabeen

Mheshimiwa Katibu wa Umoja wa Akina Mama Waoka Keki, Waheshimiwa Madiwani wenzangu mliofika na mliotuma udhuru, Mchungaji, Nahodha wa timu ya kriketi, mabibi na mabwana, na mbwa wa Bi Shirley: mimi, Neville Prowse, Mwenyekiti wa Halmashauri kwa vipindi vitatu mfululizo, nasimama mbele ya turubai hili linalofunika makumbusho yetu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu (makofi ya mtu mmoja, mkewe).

Ndugu zangu, kikosi chetu cha mawasiliano na kupeleka ndege vituoni kilibeba nini wakati wa vita? Kilibeba majenerali, barua, dawa na, kwa mujibu wa utafiti wangu binafsi, bia ya majenerali (vicheko). Rubani alikabidhiwa ndege asiyoijua, akairusha huku kitabu cha maelekezo kiko gotini, akaifikisha uwanja wa Townsville, mbali kaskazini, kisha akarudi kwa treni, parachuti begani, wasichana stesheni wakimcheka kwamba amekwepa vita! ("Walitucheka kweli, wale!" anadakia Mzee Merv Tuckwell, rubani wa mwisho aliye hai.)

Asante, Mzee Merv. Na rafiki yake Clarrie Bothwell, aliyepotelea mawinguni akipeleka ndege, jina lake halimo kwenye mnara wa mashujaa, eti hakupigana. Niliahidi kwenye kampeni kwamba ukuta wa makumbusho haya utalibeba. Tangu hapo tumefanya upembuzi yakinifu, tukaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, nami na mke wangu tukaenda Hawaii kujengewa uwezo, na leo mchakato umefikia asilimia tisini na sita ya utayari wa kimkakati! ("Nev, fupisha bwana, soseji zinaungua!" anapaza sauti mchoma nyama.)

("Nionyeshe ukuta, Nev," anasema Mzee Merv. "Nina miaka tisini. Hizo asilimia zako nitazisubiri wapi?" Anainuka, anavuta turubai mwenyewe.)

Naam! Basi kwa kumalizia, namshukuru fundi kwa nguzo hiyo moja, ambayo kwa sasa ndiyo makumbusho yote, mwenye shamba kwa kutuazima malisho, na kondoo kwa kutupisha. Tukitoka tufunge geti. Makumbusho oyee! (Kondoo mmoja tu anaitikia.) Halmashauri juu! Mzee Merv, weka kisu chini, tafadhali, nguzo hiyo ni mali ya umma, huchongi tu jina la Clarrie bila kibali cha kamati ndogo... Jamani, nani kampelekea kiti? Mbona mmevua kofia, nami sijamaliza? Mke wangu, hata wewe? (Mkewe ameikumbatia nguzo isiyumbe, mpaka Mzee Merv amalize herufi ya mwisho.)