Viti Vinne na Mashujaa wa Viazi

Jumatatu, 7 Juni

Mchana mbaya. Viti vinne vitupu mbele ya kompyuta nne. Kompyuta zangu za kutumbukiza sarafu ya peso moja, ambazo zamani watoto wa mtaa mzima walizigombea kwa viwiko! Leo amekuja paka tu. Naye hakutumbukiza kitu.

Watoto wote wako ng'ambo ya kichochoro, kwenye benchi la Poldo. Poldo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ametundika ukutani kisanduku cha waifai, nacho cha sarafu. Mtoto anatumbukiza peso, anachezea simu mpaka macho yanamwiva. Benchi lenyewe bovu, mguu mmoja ni tofali. Wizi mtupu! Wazo la sarafu lilikuwa langu.

Mara akaingia Perlita, mke wangu, na futi ya kushonea. Anapima chumba. Nikamuuliza kulikoni. Akasema jiko litakaa pale, meza ya wateja hapa. Anataka kuuza batchoy, ile supu ya tambi na maini ya nguruwe aliyofundishwa na marehemu mama yake. Nikamwambia chumba hiki ni cha teknolojia. Akasema teknolojia yenyewe imelaliwa na paka.

Tumebishana mpaka wali ukaungua. Mwisho tumeafikiana. Jumapili ni sikukuu ya San Antonio, mtakatifu msimamizi wa mtaa wetu. Perlita akirudi kutoka kwenye maandamano ya sanamu akakuta viti vyote vinne vimekaliwa, kompyuta zinabaki. Akikuta hata kimoja kitupu, nauza zote, chumba chake. Ameniapisha mbele ya San Antonio mdogo aliye juu ya friji. Nimeapa kwa sauti kubwa. Sina wasiwasi hata chembe.

Jumanne, 8 Juni

Upelelezi. Nimejifanya nafagia kichochoro ili nione watoto wanacheza nini. Wote gemu moja! Linaitwa Mashujaa wa Viazi. Viazi wenye panga na ngao wanatembea msituni, wanapigana na majitu, wanapanda vyeo. Nikamuuliza Chabeng utamu wake uko wapi. Chabeng ni binti wa muuza samaki, ana miaka kumi, na ndiye jemadari wa lile benchi. Alinijibu bila kuinua macho, akiniita Nong, yaani kaka mkubwa, kama watoto wote wa hapa: "Nong Santo, unanizibia mwanga."

Nikasogea. Baadaye akalegea, akaniambia karaha ya gemu hilo. Kila baada ya vita linakuja tangazo la sabuni. Halafu viazi wanachoka, unaambiwa subiri mpaka kesho au ulipe. Chabeng anawachukia wenye gemu kwa moyo wake wote.

Nikarudi ndani mbio nikatafuta. Kumbe liko la kompyuta! Lile lile, ila unalinunua mara moja basi. Hakuna sabuni. Viazi hawachoki. Na chini yake pameandikwa: zaidi ya saa mia tatu za mchezo. Saa mia tatu! Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Watu wengine hubishana kama gemu la simu linafaa kununuliwa kwa kompyuta. Wanauliza picha zake zikoje, hadithi yake ikoje. Porojo. Mwenye kompyuta za sarafu anauliza jambo moja: linachukua muda gani? Gemu refu ni mteja aliyekaa. Kwa nini hakuna mwingine katika mji mzima wa Iloilo aliyeliona hili?

Nilimdokezea Poldo, nusu tu, ili aumie. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, "Shemeji, unanunua kitu ambacho watoto wanacho bure mfukoni? Si ununue na maji ya mvua basi!" Acheke. Jumapili nitamwona.

Jumatano, 9 Juni

Nimenunua. Nakala nne, moja kwa kila kompyuta. Ilinilazimu kuazima kidogo kutoka kwenye kopo la maziwa lililo nyuma ya gunia la mchele, ambamo Perlita anaweka pesa ya nguruwe wa sikukuu. Kuazima, si kuchukua. Sarafu zitarudi zenyewe kabla ya Jumamosi.

Nimefuta vioo kwa siki. Nimemfukuza paka. Nimebandika tangazo mlangoni: VIAZI WASIOCHOKA. Perlita amelisoma akaniuliza kama nimeanza kuuza mboga.

Alhamisi, 10 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu! Watoto walipotoka shule mchana Chabeng akaja wa kwanza, mikono nyuma, mkaguzi kabisa. Akatumbukiza peso moja. Akapigana vita moja, akasubiri sabuni. Sabuni haikuja. Akageuka, akawapigia wenzake mluzi.

Viti vinne vimejaa, na foleni nyuma yake! Poldo alibaki na benchi lake na tofali lake. Alikuja kuomba chumvi, uongo mtupu, alikuja kuchungulia. Nikampa chumvi na kiti cha kuangalia. Nilimuuliza kama maji ya mvua yanauzika. Akaondoka na chumvi yangu.

Perlita amekunja futi yake. Sijawahi kumwona akiikunja polepole namna ile. Nilisikia huruma kidogo. Nikaimeza.

Ijumaa, 11 Juni

Kuna kitu hakiko sawa. Jioni ilipofika viti vitupu vyote vinne, na foleni hakuna. Lakini chumba kinapiga kelele! Panga zinagongana, majitu yanaguna. Sauti inatoka kwenye kompyuta ambazo hazina mtu na vioo vyake vimejifunga, kwa kuwa muda wa sarafu umekwisha. Nilidhani ni mashetani. Nilimshika San Antonio.

Nikatumbukiza peso yangu mwenyewe, kioo kikafunguka. Viazi walikuwa vitani! Wenyewe! Pembeni kuna kitufe: Jipiganie. Ukikibonyeza, kiazi hahitaji mtu tena. Anatembea, anapigana, anaokota dhahabu, na kioo kikijifunga yeye anaendelea kimya kimya huko chini.

Nikamfuata Chabeng. Alikuwa kwenye benchi la Poldo, anakula embe bichi kwa chumvi. Chumvi yangu! Nikamuuliza kwa nini hachezi. Akasema mbona anacheza. Mchana unatia peso moja, unambonyeza kiazi, unaenda zako. Usiku unatia nyingine, unachukua dhahabu. Wote wanafanya hivyo. Akanishukuru. Alisema la simu haliwezi hivyo, ukiondoka na lenyewe linasimama, kwa hiyo la kompyuta ni zuri zaidi, nimefanya vyema kulinunua.

Saa mia tatu ni kweli zipo. Wanaozitumikia ni viazi, na umeme ni wangu.

Sijakata tamaa. Nimeshapata dawa.

Jumamosi, 12 Juni

Dawa yenyewe: sheria. Mteja akiondoka kwenye kiti, nazima kompyuta. Nilitangaza asubuhi nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda. Watoto wakasikiliza, wakabonyeza Jipiganie, wakaenda zao. Basi nikazima. Zote nne, kwa mkupuo, kwenye swichi ya ukutani. Mtawala akilegea kidogo tu amekwisha!

Kumbe gemu halikuwa limehifadhi kitu. Waliporudi, viazi wamerudi kuwa miche. Hawana panga, hawana vyeo. Chabeng akasema, "Nong, umemuua Pepito wangu. Alikuwa na mkuki wa dhahabu." Akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akatoka, na jeshi zima nyuma yake, moja kwa moja benchini kwa Poldo. Na Poldo, mnafiki yule, amewawekea feni.

Niliumia. Nasema kweli, niliumia. Mtoto yule sikutaka kumliza. Nikaamua kumfufua Pepito mwenyewe, angalau nimrudishie mkuki. Nikakaa saa nne asubuhi. Mchezo wenyewe mtamu! Kuna pango, na ndani ya pango kuna jitu la tangawizi. Nilitumbukiza sarafu zangu mwenyewe, maana biashara ni biashara. Niliposhtuka taa za barabarani zimewaka na Perlita amesimama nyuma yangu na kopo la maziwa. Tupu.

Aliniuliza nguruwe yuko wapi. Nikamwonyesha kioo. Nikamweleza kuhusu jitu la tangawizi.

Hakupiga kelele. Ningeona afadhali angepiga. Alichukua kikapu akaenda sokoni na vijisenti vya pochi yake. Amerudi na mifupa, maini, matumbo na mfuko mkubwa wa tambi. Wageni wa sikukuu wanakuja kesho nyumba kwa nyumba, watu wamezoea kula nguruwe wa Perlita kila mwaka, na mwaka huu atawakaribisha kwa mifupa. Amekata vitunguu mpaka sasa bila kuniangalia. Sijui kama machozi ni ya vitunguu.

Kesho ni kesho. Viti vinne. Nitavijaza hata kwa mbuzi.

Jumapili, 13 Juni

Sikukuu. Ngoma tangu alfajiri.

Mpango wa kwanza: nimpigie Chabeng magoti. Nilimpigia. Nikamwambia Pepito amefufuka, ana mkuki wa shaba, njoo ukae bure siku nzima, njoo na wenzako. Alikuwa amevaa mabawa ya malaika kwa ajili ya maandamano. Akasema malaika hawachezi gemu Jumapili, na mkuki ulikuwa wa dhahabu. Sawa.

Mpango wa pili: mimi kiti cha kwanza, paka cha pili, gunia la mchele lenye kofia yangu cha tatu. Cha nne sikupata wa kukikalia. Paka naye alisikia harufu ya maini akaondoka. Kengele zilikuwa zinakaribia. Nikatoka mbio kutafuta binadamu yeyote mwenye makalio. Lakini mtaa mzima ulikuwa nyuma ya sanamu, nami nikakwama katikati ya bendi ya matarumbeta kwa mitaa mitatu. Nilimwomba San Antonio alipopita mbele yangu begani kwa watu. Yeye si ndiye anayetafuta vilivyopotea? Anitafutie watu wanne basi.

Nilipojinasua, Perlita alikuwa amenitangulia nyumbani. Yamekwisha, nikajua. Nikaingia kichwa chini.

Vimejaa! Viti vyote vinne! Wageni walifika kabla ya Perlita, wakakosa pa kukaa, wakavuta viti vyangu. Bakuli zimekaa juu ya kibodi. Wanavuta tambi mpaka mashavu yanaloa. Na Perlita anawaongezea mchuzi bure, kama batchoy ilivyo popote, kwa hiyo hakuna anayenyanyuka! Anaongezwa, anakunywa, anaongezwa tena. Nje kuna foleni. Kiti cha nne amekaa nani? Poldo! Bakuli la tatu, na jasho hadi kwenye nyusi. Aliniambia nguruwe mzima hafikii mchuzi huu, mwakani asisikie habari ya nguruwe. Chabeng amekula na mabawa yake.

Perlita alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Uso unamng'aa. Watu wanamwuliza kesho atafungua saa ngapi. Nikamsogelea nikamkumbusha kiapo, neno kwa neno. Tulisema viti vikaliwe. Hatukusema vikaliwe na nani, wala wafanye nini. Aliniangalia. Akatazama viti. Akacheka, akacheka hadi akaweka upawa chini. Akasema, "Haya bwana, umeshinda. Kompyuta zako zinabaki."

Nimeshinda! Poldo shahidi.

Jumanne, 15 Juni

Kompyuta zimebaki, zote nne. Perlita ni mtu wa neno lake. Zimelazwa chini, mbili huku mbili kule, na juu yake amepitisha ubao. Ubao mzuri sana kwa kukatia vitunguu. Chumba kinajaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mimi naosha bakuli. Bakuli hazina kitufe cha Jipiganie, nimetafuta.

Lakini nimefikiri sana nikiwa kwenye beseni. Kosa langu nimeliona. Gemu lilikuwa fupi.

Mchana Perlita alinituma mjini nikanunue sufuria kubwa. Aliniwekea pesa kiganjani akakikunja kwa vidole vyake, akasema ananiamini. Nilipita kwanza benchini kwa Poldo kupumzisha miguu. Siku hizi nina Mashujaa wa Viazi kwenye simu, sabuni na matangazo yake yote nayavumilia, kwa kuwa Pepito niliyemwanzisha upya humo hajapata mkuki wa dhahabu na nimemwahidi mtoto. Chabeng alinisogezea nafasi. Nikatumbukiza peso kwenye kisanduku cha shemeji, na kitu cha kwanza nilichoona kilinisimamisha. Mashujaa wa Viazi, Sehemu ya Pili! Ya kompyuta tu. Saa mia sita. Na ndani yake, wamesema wenyewe, viazi wanafungua mgahawa.

Mgahawa! Mteja anakula batchoy ya kweli huku kiazi wake anauza supu kwenye kioo! Kompyuta moja tu nikiichomoa chini ya ubao, upande ule wa vitunguu, Perlita hatagundua mpaka Ijumaa. Na sufuria ya zamani imepasuka kidogo tu pembeni.

Nimenunua. Nakala nne.