Injinia Afundisha Neno la Siri

Mtaa ule ulimwita Injinia, naye hakuona sababu ya kuusahihisha. Mitaa mingine ilimwita Daktari wa Kompyuta. Shati jeupe, kalamu mbili zisizo na wino, na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni: hivyo ndivyo vilikuwa vyeti vyake vyote. Basi asubuhi moja, akiwa kwenye duka la kutoa kopi, akamsikia fundi cherehani wa nyumba ya kona akilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa goigoi, ukibonyeza leo inaitika kesho. Injinia akasogea haraka.

"Pole, mama yangu," alisema kwa huruma iliyopimwa. "Hiyo ina virusi."

"Jamani! Na kuitibu si ghali?"

"Kuikagua ni bure."

Bure! Hapo ndipo biashara yake yote ilipolala. Angekagua bure, angechomeka flashi yake bure, na ndani ya flashi hiyo mlikuwa na programu aliyouziwa na mjanja mwenzake, maana yeye mwenyewe hakujua hata inavyofanya kazi. Baada ya siku chache kompyuta ya mteja ingejifunga na kila kilichomo. Mteja angepiga simu akilia, naye angekuja kuifungua kwa malipo ya kukata maini. Funguo za kompyuta zote alizozifunga namna hiyo zilikaa kwenye laptopu yake, na laptopu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake.

Sebule ya fundi ilikuwa nusu karakana: cherehani dirishani, vipande vya vitambaa sakafuni, na mezani kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Injinia akafungua laptopu yake pembeni ili aonekane msomi, kisha akaanza mahubiri. Mgonjwa humwogopa daktari anayeanza na sindano.

"Neno la siri, mama, liwe refu. Sentensi nzima. Siyo tarehe ya kuzaliwa, siyo jina la mjukuu."

"La mjukuu hapana," mama akaitikia kama yuko darasani.

"Ukiliandika, mtu asikuone. Na usimwambie yeyote. Siyo mume, siyo dada, siyo mimi."

"Hata wewe?"

"Hasa mimi!" Injinia akacheka, akipendezwa na uaminifu wake mwenyewe. Ushauri ulikuwa mzuri kabisa, tena haukumgharimu kitu, kwa kuwa flashi yake haikuhitaji neno la siri la mtu.

Akaitoa mfukoni. Mama akaikinga kompyuta kwa kiganja.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mimi sishoni nguo ya mteja kabla sijajaribu mshono kwenye kipande. Hilo somo la neno la siri naomba nilijaribu kwanza kwenye hiyo yako. Nikiharibu, si wewe upo?"

Injinia alisita. Lakini mwalimu anamkatalia vipi mwanafunzi mwenye bidii, na flashi imebaki shubiri moja tu kufika? Akamsogezea laptopu, akamtajia hata neno lake la zamani: moja, mbili, tatu, nne. Ndiyo, mtaalamu mzima.

"Geuza uso," mama akaamuru.

Akageukia ukuta huku anatabasamu. Vidole viwili viligonga taratibu, vikagonga, vikaendelea kugonga.

"Mbona refu hivyo?"

"Sentensi nzima, si umesema?"

"Haya, ifunge, halafu uifungue tuone."

Kuifunga, mama aliifunga. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, akatia uzi kwenye sindano.

"Fungua basi, mama."

"Sifungui."

"Basi nitajie nifungue mimi."

"Wewe ndiyo kabisa."

Injinia akacheka. Alicheka peke yake. Mlango wa chumbani ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwembamba aliyekumbatia kompyuta.

"Sauti ni hiyo hiyo, dada," akasema. "Huyu ndiye Daktari."

Alikuwa mdogo wake fundi, mjane wa upande wa pili wa mji. Injinia hakumkumbuka hata sura, na hilo lilimchoma mjane kuliko yote.

"Picha zote za marehemu mume wangu zimo humu," akasema. "Na video anacheka. Tangu uifunge sijamwona, na kicheko chake kimeanza kunipotea."

Injinia akaigeukia kompyuta ya mezani. "Mama, kumbe kompyuta yako…"

"Nzima kabisa. Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waeleze na laptopu ina nini."

"Nitaipeleka kwa fundi mwingine aifungue!"

"Ataifuta yote, na funguo zako humo humo. Kesho utauza vocha."

Injinia akakaa chini. Alibembeleza, akamwita mama mzazi, akasifu hata mapazia. Cherehani iliendelea kulia.

"Unataka nini?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Umfungulie mdogo wangu. Na wenzake. Wako uani wanakunywa chai."

Wakaingia: mwalimu mstaafu, kinyozi, mwenye nyumba wa mtaa wa chini na wengine nyuma yao, kila mtu na kompyuta yake kifuani kama kuku wa kupeleka sokoni. Injinia alitamani ukuta ummeze.

"Sasa andika, nakutajia," mama akasema, akivaa miwani. "Mimi ni mwizi…"

Injinia akaondoa vidole kwenye herufi.

"Andika, mwanangu. Mimi ni mwizi, nimemfungia mjane mume wake, nanyi mnisamehe."

Akaandika. Laptopu ikakataa.

"Ameruka herufi," kinyozi akasema. "Asome kwa sauti, tusikie anapokosea."

Akarudia, neno kwa neno, mbele ya wote, uso umemwiva. Laptopu ikafunguka. Akatafuta ufunguo wa mjane, akauingiza, na punde sebule nzima ikajaa kicheko cha mwanamume, kinene, kisicho na haraka. Mjane akaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Hata kinyozi akatazama pembeni. Injinia akainamisha kichwa, na safari hii hakuwa anaigiza.

Alipokiinua tena, mama alikuwa ameshaifunga laptopu.

"Mwalimu, njoo ukae hapa," akasema. "Injinia, anza upya. Kwa sauti."