Mmea wa Marehemu Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kwa dada yake. Wanafunga nyumba ya marehemu mama yao. Mimi nimeachiwa mmea. Marehemu aliuotesha kwenye ndoo ya rangi, na baada ya mazishi mke wangu hakutaka kingine chochote. Aliubeba mapajani safari nzima. Tangu siku hiyo haongei. Yaani anaongea, chumvi iko wapi, umeme umekatika, lakini haongei. Na mmea nao unapukutisha majani.

Mlangoni kaniambia niuangalie tu, nisiuguse. Mimi! Fundi redio! Marehemu naye alikuwa hivyohivyo, mbele ya wageni akiniita Fundi Skrubu-Imebaki. Mpango: Jumapili mke wangu aukute umenawiri. Labda ataniongelesha.

Jumanne, 4 Juni

Utamtibuje mgonjwa usiyemjua jina? Nimeupiga picha, simu ikautafuta. Mara ya kwanza ikasema ni mbuni. Sikuelewa ni wa kahawa au ni yule ndege. Mara ya pili, tumbaku. Mara ya tatu, stuli. Hapo angalau ilipatia, maana ndoo iko juu ya stuli.

Nikapeleka jani kwa muuza maua wa barabarani. Akalinusa, akalitafuna kidogo, akatema, akasema kwa uhakika kabisa kwamba hili ni jani.

Nimeumwagilia kwa huruma. Jagi zima. Halafu jingine.

Jumatano, 5 Juni

Umeamka wa njano. Majani yanadondoka hata nikikohoa.

Halafu nione nini? Msusi wa mlango wa pili ana mmea uleule, dirishani mwa saluni yake! Majani mapana, yanang'aa, sijaona hata moja limeanguka tangu tuhamie hapa. Roho iliniuma. Nikajifanya nimepita kusalimia, nikausifia, nikauliza siri. Akasema siri gani, shemeji, yeye hata maji haupi, anaupangusa vumbi tu kwa kitambaa kibichi. Jina lake halijui. Anaringa, huyu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepangusa. Jani la kwanza likabaki kwenye kitambaa. La pili pia. Nikaendelea, dawa haikatizwi katikati.

Mchana mke wangu kapiga simu. Kauliza hali ya mmea. Nikasema haujambo, umepungua mwili kidogo. Akasema vyumba vimebaki vitupu, akiita anasikia sauti yake mwenyewe. Nilitaka kusema neno. Nikamuuliza kama huko kuna baridi. Akasema ipo. Basi, simu ikakatwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nikaamua kuiba jani la msusi ili nilinganishe. Nikasubiri aingie stoo. Nikavuta. Halichomoki! Nikavuta kwa mikono miwili, mmea mzima ukanijia kifuani na chungu chake.

Plastiki.

Kanikuta nimeukumbatia. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Halafu akaacha kucheka.

"Shemeji," akasema, "mkeo huwa anakuja hapa kulia. Wala simsuki. Namfungia mlango, analia, ananawa uso, anarudi kwako."

Sikujua. Nilidhani anasukwa. Kila akirudi nilikuwa nazisifia nywele.

Jumamosi, 8 Juni

Imebaki fimbo. Jani hakuna.

Nimefanya ninavyoifanya redio: nimefungua. Nimeung'oa, nikakagua mizizi, ile iliyoonekana mirefu kupita kiasi nikaikata kwa koleo, nikaurudisha kwenye ndoo. Kisha nikaokota majani chini ya stuli na kuyabandika kwa gundi, moja moja, kila moja mahali nilipodhani lilikuwa. Ukisimama mlangoni na kukunja macho kidogo, unapendeza kweli.

Jumapili, 9 Juni

Karudi jioni. Hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akagusa jani, likamfuata kidoleni. Akaitazama gundi. Akakaa sakafuni na koti lake vilevile.

"Huu hupukutika kila mwaka baridi ikianza," akasema. "Mama alikuwa anauacha tu. Alikuwa anauita Mvivu. Baridi ikiisha, unachipua wenyewe."

Nikamweleza habari ya mizizi. Nilitegemea makelele. Hayakuja. Akalikwaruza shina kwa ukucha, na ndani kulikuwa kukavu, rangi ya udongo. Umekufa. Nimeua kitu kilichokuwa kimelala.

Akaanza kulia. Kilio cha tumboni, ambacho mimi sijawahi kukisikia humu ndani, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mpango wowote. Nikakaa naye chini. Akanisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiugombeza Mvivu kila asubuhi, amka wewe, wenzako wana maua, na jinsi alivyougombeza hata asubuhi ile ya mwisho, kwa sauti isiyotoka vizuri. Nikamwambia pole. Neno lenyewe ndilo hilo, na lilinichukua wiki. Akanishika mkono, hakuuachia. Kidogo ilikuwa gundi, lakini kidogo tu.

Jumatatu, 10 Juni

Kaamka macho yamevimba, lakini kaniongelesha! Kauliza nimelalaje. Kabla ya kwenda kazini katundika ukutani saa ya marehemu, aliyokuja nayo jana. Akasema hii ndiyo iliyobaki, na anamshukuru Mungu inakwenda vizuri.

Nimeisikiliza asubuhi nzima. Haiendi vizuri. Ina kikohozi, chembamba sana, mtu asiye fundi hawezi kukisikia. Nikaona maskini mke wangu, kapata huzuni ya kutosha, ngoja nimtengenezee kabla haijamharibikia. Nikaifungua kidogo. Kuna springi imeruka, naisaka tangu saa sita, na nina hakika iko humu humu chumbani.

Kwa sasa saa imenyamaza. Nimeirudisha ukutani na kusogeza mishale hadi saa kumi na moja na nusu, wakati anaoingia kutoka kazini.

Asichelewe tu.