Risasi za Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Baba mkwe ametangaza. Goti lake halipandi kilima tena, kwa hiyo kibali chake cha kuwinda pofu mwaka huu atamwachia mmoja wetu: mimi, au shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu. Jumamosi tutakwenda uwanja wa shabaha. Bamba la chuma kubwa kama sinia, upande wa pili wa bonde, mita mia tatu. Risasi tano kila mtu. Atakayelipiga mara nyingi ndiye mwenye kibali. Pofu ni mnyama mzito kuliko fahali, kasema, na hapigwi na mtu wa kubahatisha. Aliposema kubahatisha alinitazama mimi.

Lazima niende. Dukani kwangu nimeshawaambia wateja wote kwamba nakwenda, na juu ya mashine ya kupimia macho nimeshapigilia msumari wa kutundikia pembe.

Shida ni shemeji. Nilimuuliza kwa ujanja, kama mtu asiyejali, anatumia risasi gani. Akaniambia! Pale pale, huku anamenya chungwa. Ganda la risasi ni lile lile la milimita saba kama la bunduki yangu, ila yeye hununua zenye kichwa kizito, maana kichwa kizito hakiyumbishwi sana na upepo, na kinazama ndani kwa mnyama mnene. Halafu akanishauri nisihangaike kubadili. Darubini ya bunduki yangu imepatanishwa na kichwa chepesi, basi nibaki na chepesi na nifanye mazoezi.

Tangu lini mshindani akamwaga siri zake bila hata kubembelezwa? Hapa pana jambo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda duka la bunduki. Nilivaa kofia na miwani myeusi nisitambulike. Muuzaji akanikaribisha kwa furaha: karibu, mtu wa miwani! Sijui nani alimdokeza.

Nikamwambia nataka risasi zenye kichwa kizito, si zangu, ni za rafiki yangu mgonjwa. Akauliza mgonjwa anawinda nini. Nikamjibu hilo analijua daktari. Akanieleza, bila kuombwa, kwamba kichwa chepesi huenda kasi na hushuka kidogo njiani, kizito huenda taratibu na hushuka zaidi, lakini kikifika kimefika. Vyote vinaua pofu, kasema, na kilicho bora ni kile ulichokizoea.

Maneno ya shemeji yale yale! Wamekaa kikao. Nilipouliza bei akasema za kichwa kizito zimekwisha, boksi la mwisho kalichukua shemeji yangu. La mwisho! Sasa kama chepesi ni kizuri hivyo, mbona anakimbilia kununua kizito mpaka kinakwisha dukani?

Nimerudi kazini nikiwa na hasira. Akaingia mteja amevaa miwani ya dada yake, analalamika kichwa kinamgonga na ngazi anaziona mbili mbili. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia miwani hupimwa kwa jicho la mwenyewe, huwezi kuazima jicho la mtu. Watu wengine sijui wanafikiri kwa kutumia nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Mke wangu alikuwa anacheka kwenye simu na mdogo wake. Nilipoingia jikoni akapunguza sauti. Nikauliza wanacheka nini. Eti walikuwa wanazungumzia dawa ya goti la baba. Goti halichekeshi.

Nikamwomba amchunguze ndugu yake kidogo tu, kwa faida ya nyumba. Akakataa. Akasema kama nina wasiwasi niende uwanjani nikapige shabaha, kwani bunduki yangu haijatoka kabatini tangu mwezi wa tano. Hata yeye! Kweli damu ni nzito kuliko maji. Kuanzia leo naandikia bafuni, mlango nimeufunga na bomba nimelifungulia wasisikie kalamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya akili.

Nimekwenda kwa wakwe, ambako shemeji bado anaishi, nikiwa na sanduku langu la vipimo. Kisingizio: kumpima macho mama mkwe. Shemeji yuko kazini, nimehakikisha. Nikamketisha mama sebuleni, nikamwambia afumbe jicho moja, kisha la pili, kisha asifumbue mpaka nimwambie. Mtu mzima na heshima zake akatii. Mimi huyo, chumbani kwa mwanawe.

Boksi limo kabatini, na ufunguo unaning'inia mlangoni. Mtu asiyeficha ufunguo anaficha kitu kikubwa zaidi! Nikatoa risasi tano za juu, zile ambazo angeanza nazo, nikaweka tano zangu. Maganda ni mamoja, vichwa ndivyo vinavyotofautiana: vyake butu, vyangu vimechongoka. Nani atatazama? Kesho nguvu zake zitakuwa mfukoni mwangu.

Niliporudi sebuleni mama mkwe alikuwa amesinzia. Nimemwandikia miwani.

Jumamosi, 9 Agosti

Ni aibu, lakini nitaandika.

Shemeji alianza. Ana tabia moja ya kuudhi ambayo hakuna aliyeniambia: kila risasi huifuta kwa kitambaa, huigeuza, huitazama kichwa, ndipo huipanga pembeni. Akafuta ya kwanza. Akasimama. Akafuta ya pili. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Akaja moja kwa moja na zote tano kiganjani. Baba mkwe anatutazama.

"Shemeji, hizi zako zimeingia kwenye boksi langu," akasema kwa upole. "Chukua, utazihitaji."

Basi. Hakuuliza zimeingiaje. Ningependa angeuliza, nilikuwa na uongo tayari. Akarudi, akalala kifudifudi, akakita vidole vya miguu ardhini, akapiga tano kutoka chini ya boksi. Bamba lililia mara nne.

Zamu yangu. Wakati najilaza akanisogelea tena.

"Piga na zako, shemeji. Bunduki yako haizijui zangu."

Hapo nikaelewa yote! Alijua ninazo. Alijua ni nzuri. Alitaka kunitia hofu nizitupe. Mtego wa kitoto! Nikaweka zake, zote tano, nikavuta pumzi, nikalenga katikati ya bamba.

Vumbi chini ya bamba. Ya pili, vumbi pale pale. Ya tatu, ya nne na ya tano, pale pale. Bamba halikusikia habari.

Baba mkwe alitazama kwa darubini muda mrefu. Akasema nimepiga vizuri sana, matundu yote matano yanafunikwa na kiganja kimoja, ila pale chini hapaishi pofu. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, wewe unauza miwani. Mtu akija amevaa ya mwenzake, unamwambiaje?"

Nikamjibu inategemea na bei. Hakucheka. Nilitamani ardhi ipasuke, na si ile ya chini ya bamba. Jioni nilipita dukani nikautazama ule msumari. Nimetundika kalenda.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji kaja asubuhi. Kamwomba baba yake niende naye porini, nimbebee darubini na kumsomea umbali, kwa kuwa eti nina jicho na mkono uliotulia, na mtu wa kupiga tano tundu moja si wa kuachwa nyumbani. Baba kakubali. Mke wangu akafuta machozi, akasema hayo ndiyo mapenzi ya ndugu.

Mapenzi! Mtu akushinde hadharani, kisha akukaribishe? Anataka niwe karibu aniangalie. Sawa. Na mimi nitamwangalia.

Nimeshaanza. Alipokuwa anakunywa chai nilimkagua kuanzia utosini hadi chini, na sasa nimeipata siri yake. Si risasi. Ingekuwa risasi, zingenifanyia kazi na mimi. Ni viatu! Anavyovikita ardhini namna ile, hata bunduki ikimsukuma vipi hatikisiki. Alipovivua mlangoni nikavigeuza nikasoma soli.

Nimempigia simu muuza viatu. Nimeagiza vya aina ile ile na namba ile ile ya shemeji, arobaini na nne. Muuzaji, ambaye ananivalisha arobaini na moja tangu nioe, akauliza kama nina uhakika.

Mara mbili kauliza. Shemeji ameshampigia.