Gusa Yenye Joto

Jumatatu, 3 Machi
Hujambo, shajara yangu? Afya yako vipi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila moyo unadunda. Alhamisi nina usaili, kazi ya mlinzi wa ghala. Shemeji, kaka wa mke wangu tunayekaa kwake, kasema nikiikosa hii tutafute pa kuishi. Kasema huku anatafuna, tena mbele ya watoto!

Lakini mimi si wa kulala. Binamu aliyesailiwa juzi kanivujishia fumbo. Swichi tatu nje, balbu moja ndani ya chumba, unaruhusiwa kuingia mara moja tu. Swichi ipi ni yake? Jibu: washa moja, ngoja, zima, washa nyingine, ingia. Balbu ikiwa imezimika, iguse. Ikiwa na joto, ni ile ya kwanza! Mungu ni mwema.

Jumanne
Mazoezi. Swichi za nyumba ziko koridoni. Nikawasha, nikazima, nikawasha. Kumbe shemeji yuko bafuni ananyoa! Katoka na nusu ya sharubu, ananiuliza kama nina akili. Nikamjibu pole shemeji, ndiyo hiyo naitafuta. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Vidole vimeungua. Jibu limeingia!

Jumatano
Nimefunga. Nimeomba kitu kimoja tu: swichi.

Alhamisi
Mola wangu! Mkuu wa walinzi, mama mwenye sauti ya kengele, kaniuliza habari za mtu mwenye chui, mbuzi na majani. Mtumbwi mdogo. Atawavushaje mto? Swichi hakuna! Nikasema kwa imani: nitagusa. Akauliza nitagusa nini. Chui, nikasema, nione kama ana joto.

Mama akaweka kalamu chini.

Akauliza kama siogopi. Nikamwambia mama, jibu langu ndilo hilo, sibadilishi. Wakaangua kicheko, yeye na wasaili wenzake. Mama akafuta machozi, akawaambia wenzake kwamba tangu asubuhi watu wanampigia hesabu za mtumbwi, na yeye anatafuta wa kusimama getini. Naanza kazi Jumatatu! Haleluya!

Ijumaa
Shemeji kanikumbatia. Ati alikuwa ananiombea. Chumba tunabaki nacho. Nimemsamehe, hata sharubu zake sijazitaja. Mara moja tu.

Jumapili
Nimetoa ushuhuda ibadani: elimu ni kujua jibu moja na kuling'ang'ania. Shemeji naye ana usaili kesho kutwa, wa udereva. Kaniomba siri kwa unyenyekevu. Nikampa yote: wakuulize barabara, wakuulize breki, wewe gusa yenye joto. Sasa yuko koridoni anafanya mazoezi. Mimi nilikuwa nanyoa. Taa imezimika tena, naandika kwa kupapasa.

Shajara yangu, wiki nzima nakusimulia na wewe kimya. Tafadhali nijibu upesi.