Mifupa ya Nyuma ya Jiko Langu

Jumatatu, 3 Juni

Msingi umechimbwa. Nyuma ya jiko langu! Pale ninapoanika masufuria tangu mwanangu hajaota meno. Nilidhani ni banda la kuku, nikanyamaza, hata nikampa fundi maji ya kunywa. Kumbe chumba. Cha nani? Leo wakati wa chai mkaza mwana wangu akanieleza, kwa ile sauti tamu anayoitumia kwenye dirisha la ofisi ya maji anapowaambia watu maji yatatoka kesho. Mama yake anahamia kwetu. Amekwisha kumwambia mwenye nyumba wake kwamba anaondoka. Zege linamwagwa Jumamosi. Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama mkate.

Mama yake! Bi Kidole! Jina hilo nimempa mimi. Siku ya kwanza kukanyaga sebule yangu, kabla hajaketi, alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akakipuliza. Hakusema neno. Afadhali angenitukana. Miaka kumi na minne imepita na kidole kile bado nakiona. Sasa kinahamia! Kitalala hatua sita kutoka kwenye rafu zangu!

Sikulia. Mimi si wa kulia. Nilifungua redio, na redio ikanijibu. Huko sijui wapi walikuwa wanajenga choo cha shule, wakakuta mfupa wa mnyama aliyekufa kabla ya binadamu kuwapo, umegeuka jiwe. Wanauita kisukuku. Jina kama ugonjwa wa kuku. Watu wa makumbusho wakaja, wakazungusha kamba, ujenzi ukasimama miezi kumi na moja.

Miezi kumi na moja! Kwa mfupa mmoja!

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hesabu hiyo naiweza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na safari hii wachimbaji ni wao.

Jumanne, 4 Juni

Nimeingia kwenye msingi. Sikuanguka. Niliteremka haraka.

Fundi akanikuta nimekaa kwenye tope, akauliza bibi unatafuta nini humo. Nikamwambia nakagua kazi yake, na kona ile imepinda. Akaenda kuipima. Imepinda kweli! Akanivuta nje kwa adabu.

Alipokwenda kula nikarudi, kwa ngazi, na mwiko wangu wa ugali. Saa mbili nzima nachimbua. Nilichopata: ndala moja ya mguu wa kushoto. Kizibo. Kijiko changu cha chai chenye ua kwenye mpini, kile alichoniibia jirani yangu mshona nguo. Inaonekana hakukiiba. Miaka tisa sijamsalimia. Nimekificha chini ya godoro. Nimeshazoea kutomsalimia, na mtu wa umri wangu hafai kubadilisha tabia ghafla.

Na jiwe. Kubwa kama ngumi, jeusi, lina mikunjo iliyojizungusha kama konokono, tope limejaa kila mkunjo. Uchafu mtupu! Nikajiambia wataalamu hawaletewi kitu katika hali ile, watasema nyumba hii haina mwanamke. Nikaleta majivu, mchanga laini na waya wa masufuria. Nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Mikunjo ilikuwa migumu kutoka, lakini mimi ni mgumu zaidi. Sasa linang'aa kama yai. Unaweza kujitazama humo. Nimejitazama.

Fundi amesema ni jiwe tu. Nani kamuuliza?

Jumatano, 5 Juni

Redioni walitaja namba ya makumbusho. Nimepiga mara sita. Ya saba akapokea kijana, mtaalamu wa visukuku, sauti kama hajala tangu jana. Nikamwambia nina mnyama. Akauliza mnyama gani. Nikamwambia hiyo si ndiyo kazi yake? Mimi nimtambulie, yeye apokee mshahara?

Akacheka. Akasema nimpigie picha, kando niweke kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Na zaidi ya yote, bibi, usikitoe kilipokuwa, usikioshe, usikisugue. Nikalisukuma jiwe chini ya meza. Nikamjibu kwamba bila shaka, nani mjinga wa kusugua.

Kitu ambacho ukubwa wake unajulikana ni kiatu cha marehemu mume wangu. Namba arobaini na mbili, hakuna asiyejua. Picha ya kwanza ilitoka kidole changu. Ya pili kidole na kiatu. Ya tatu safi.

Alasiri akajibu. Kwamba kiatu kimetunzwa vizuri. Kwamba jiwe ni laini mno, haoni alama yoyote, na hawezi kusafiri kwa ajili ya jiwe laini. Je, sijaona kingine pale? Labda mfupa?

Labda mfupa. Anayetaka mfupa atapata mfupa.

Mkaza mwana anapima mapazia. Yana rangi ya maziwa! Mbele ya moshi wa jiko langu! Haya.

Alhamisi, 6 Juni

Nimenunua paja la ng'ombe, mfupa mzima. Muuza nyama akauliza bibi una wageni? Nikamwambia ninaye mmoja, na hatakuja.

Mfupa hauzikwi na uboho wake, hiyo ni dhambi. Kwa hiyo kwanza supu. Chumvi, kitunguu, tangawizi, saa nne motoni. Mwanangu alirudia mara tatu, akasema mama leo umetuweza. Hajui alikuwa anakula ushahidi.

Kisha nikaupaka mfupa masizi na majani ya chai, nikaukausha juu ya mkaa, ukapasuka vizuri, ukazeeka mbele ya macho yangu. Fundi alipokwenda kufuata saruji nikauzika kwenye kona yake iliyopinda, nikaacha kichwa chake nje. Kiatu kando. Picha. Nikaituma.

Kijana hakuchukua hata dakika moja. Mfupa mkubwa hivyo! Rangi hiyo! Anakuja kesho, na akaniomba kwa jina la Mungu nisiuguse. Nikamwambia mimi sijaugusa.

Nimelala mchana kama mtoto aliyeshiba.

Ijumaa, 7 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mtaalamu alifika saa tatu. Mwembamba, kofia pana, brashi ndogo kama ya meno. Nilivaa gauni langu la kwenda kwenye sherehe za watu. Fundi akaacha koleo. Mkaza mwana aliomba ruhusa kazini. Hata mshona nguo, shingo yake ilitokeza juu ya ukuta kama ya bata. Kijana akapiga magoti, akapiga brashi, akapuliza, akautoa mfupa polepole. Nikaanza kusikia kamba ikizungushwa.

Kisha akaulamba.

Nilidhani ana njaa. Akatueleza kwamba ndivyo wanavyofanya, mfupa uliogeuka jiwe hunata kwenye ulimi, mbichi haunati. Akalamba tena. Akageuza upande wa pili, akalamba polepole huku amefumba macho. Akauliza, kwa heshima, siwezi kumsingizia, kama bibi hutia tangawizi.

Fundi alikaa chini kwenye mchanga akicheka mpaka akakohoa. Mkaza mwana hakucheka. Alisema "Mama" mara moja tu, lakini ilikuwa ndefu.

Mimi si wa kushindwa mbele ya bata. Nikakimbia ndani nikaleta jiwe langu. Akalipokea kwa kunihurumia. Akaligeuza. Akatoa kioo kidogo cha kukuzia mfukoni, akatazama chini kabisa, pale waya wangu haukufika. Uso wake ukabadilika. Akasema hiki ni kisukuku kweli, mnyama wa ganda wa baharini, aliyetoweka zamani sana kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Nikanyoosha shingo kumtazama mshona nguo. Halafu kijana akauliza ni nani aliyelisugua. Akasema ardhi imelitunza miaka yote hiyo bila mkwaruzo, mtu akaja akalimaliza kwa asubuhi moja.

Mbele ya watu! Ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema halikusuguliwa na mtu, limekuja hivyo hivyo kwenye lori la kokoto.

Akaandika kwenye daftari. Akasema kama ni hivyo basi halikutoka hapa, msingi huu hauna neno, fundi aendelee.

Nilielewa alipofika getini. Nikamfuata mbio, kiatu kimoja mguuni, nikipiga kelele kwamba limetoka msingini, naapa limetoka msingini! Akasimama. Akaniuliza kwa upole: limetoka msingini kama ule mfupa, bibi?

Jioni Bi Kidole amefika, masanduku matatu, atalala kwenye kochi la sebuleni mpaka chumba kiishe. Akanikumbatia, akaniita mwenzangu. Nilikuwa siioni mikono yake, lakini najua kidole kilikuwa kinapita kwenye fremu ya mlango nyuma ya mgongo wangu.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya zege. Matoroli tangu alfajiri. Nilikaa jikoni nimewapa mgongo.

Bi Kidole akatoka kwenda kuona "chumba chake". Kando ya msingi kuna lundo la udongo uliochimbwa. Mkono wake hauwezi kupita kitu chenye vumbi ukakiacha. Nikaona kidole kinashuka, kinapita juu ya bonge la udongo, kinasimama. Kinarudi. Akasema humu mna mikunjo.

Nikatoka mbio. Nikamwambia mwenzangu, hiyo ni taka, lete nikakuoshee. Akakumbatia bonge lake kifuani, akasema la, kitu usichokijua usikisugue, kiache kilivyo mpaka aje anayekijua. Nani kamfundisha huyu? Kanizidi darasa moja tu!

Mkaza mwana akampigia kijana. Alikuja kabla ya adhuhuri, hakusalimia mtu. Alichongachonga ukuta wa msingi, hatua moja kutoka kona iliyopinda, akapata kisukuku cha pili, cha tatu, hadi tisa. Hakulamba hata kimoja. Akatoa kamba ya njano, akazungusha. Akamwambia fundi aache kila kitu. Watachimba kwa brashi, haitapungua mwaka.

Mwaka!

Nilicheza. Jikoni, mlango nimeufunga, mwiko mkononi, nimecheza! Nimeshinda! Mwaka mzima hakuna chumba! Kijana anaandika kibandiko cha kabati la makumbusho, aliyegundua ni Bi Kidole, jina lake lote na la baba yake. Aandike! Hata la babu yake! Kwangu hakai.

Hapo mkaza mwana akabisha hodi. Akauliza mama yake atalala wapi sasa, mwaka mzima si wa kulala kwenye kochi. Nikasema arudi kwake. Akasema kwake funguo amekwisha kurudisha, na leo asubuhi ameingia mpangaji mwingine. Akatazama mlango wa chumba changu. Nikamtazama mwanangu.

Mwanangu akatazama mkate.

Jumapili, 9 Juni

Kitanda chake kiko hatua mbili kutoka changu. Hakoromi. Angekoroma ningepata la kusema.

Ameamka kabla yangu, akafuta kabati, dirisha, taa, na picha ya marehemu. Marehemu sasa anang'aa, nimegundua ana chunjua shavuni. Miaka yote nilidhani ni doa la kioo. Kisha akatandika kitanda changu bila kuulizwa. Kidole kikapita chini ya godoro kikatoka na kijiko.

Nikasema si changu. Basi akamuuliza bintiye. Bintiye akacheka mpaka akashika ukuta, akamweleza kisa cha miaka tisa. Wakaenda wote wawili kwa mshona nguo wakamwomba radhi kwa niaba yangu! Niaba gani? Nilimtuma nani? Sasa mshona nguo ananisalimia. Kila nikitoka, shingo juu ya ukuta, shikamoo bibi. Nimeitikia mara saba tangu asubuhi. Koo limekauka.

Nimekaa nikafikiri sana. Kosa langu nimeliona. Mfupa ulikuwa mmoja. Mfupa mmoja haumshawishi mtu.

Bi Kidole lazima apate chumba chake, tena haraka, na mapazia yake ya maziwa, na mlango wake wa kufunga. Kwa hiyo zege lazima limwagwe. Kwa hiyo kamba ya njano lazima iondoke. Mtaalamu anarudi kesho asubuhi na brashi zake. Akikuta msingi mzima umejaa taka za jikoni tu, ataona amedanganyika na konokono wake, atafunga vitu vyake, atakwenda.

Muuza nyama kanipa miguu minne. Hakuuliza kitu. Bi Kidole amelala mchana, sufuria inachemka. Safari hii nimetia vitunguu sita na tangawizi ya kutosha, ulimi wa kijana usipate shida.